Sanduku la Nuru na Mguu wa Fundi

Asubuhi ya Jumatatu Mama Maabara alianza kufuta nukta.

Aliketi kwenye meza ya kulia chakula, miwani imemshuka hadi ncha ya pua, kifutio kipya mkononi. Mbele yake yalipangwa madaftari saba makubwa yenye majalada magumu, yaliyovimba kwa kufunguliwa na kufungwa miaka ishirini na miwili. Kulia kwake kulikuwa na rundo la karatasi safi, ambako alikuwa akiinakili kazi yake yote upya kwa mwandiko wa kukaza mkono. Nukta zenyewe zilikuwa za penseli, ndogo kama mbegu za ufuta, zimetapakaa pembeni mwa kurasa. Hakuna binadamu mwingine aliyejua maana yake, na hilo ndilo lililomtia haya. Ijumaa mgeni angekuja kuyachukua madaftari pamoja na nakala safi. Akiuliza, “Hizi nukta ni za nini?” angejibiwa nini? Kwamba kitabu cha fizikia kilisahihishwa kwa mguu?

Basi akafuta. Kila nukta iliyoondoka iliacha doa linalong'aa kidogo kuliko karatasi iliyolizunguka, na Mama Maabara akawa anajifanya halioni.

Jina hilo la Mama Maabara alipewa na wanafunzi, na kwa kuwa lilimkaa vizuri, mtaa mzima ukalichukua. Kwa miaka thelathini na minane alikuwa mtunza maabara katika shule ya sekondari ya wasichana, mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani kwake. Aliingia pale akiwa binti mbichi, cheti chake cha sekondari kwenye bahasha, akiambiwa kazi ni kuosha bika za kioo, kufuta vumbi kwenye mizani, na kuhesabu lenzi zisiondoke mifukoni mwa watu. Kati ya stoo yake na maabara kulikuwa na kidirisha chenye kibao cha kuteleza. Vifaa vilipitia hapo vikienda, na masomo yalipitia hapo yakija.

Walimu walibadilika, somo halikubadilika. Wa kwanza alikuwa na sauti ya kutikisa madirisha. Aliyemfuata alinong'ona kama anatoa siri ya ndoa. Kulikuwa na mmoja aliyechora ubaoni kwa hamu mpaka nyusi zake zikawa nyeupe kwa chaki, na wasichana wakamwita Babu ingawa hakuwa na miaka thelathini. Lakini kila mwaka, muhula wa kwanza, ilifika ile siku ya kigari cha mbao. Mwalimu alikiweka kigari juu ya meza laini, akauliza kwa nini kinakataa kuondoka mpaka kisukumwe, na kikishaondoka kinakataa kusimama. Msichana mmoja angenyoosha mkono na kuuliza, “Lakini kwa nini, Mwalimu?” Naye mwalimu, awe wa sauti kubwa au wa kunong'ona, angejibu:

“Ndivyo vitu vilivyo. Andikeni.”

Wasichana waliandika. Nyuma ya kidirisha, sponji mkononi, maji yakimchuruzika hadi kwenye viwiko, mtunza maabara hakuandika. Jibu lile lilimkera. Lilimkera mwaka wa kwanza, likamkera zaidi mwaka wa kumi, na ilipofika mara ya kumi na tisa alirudi nyumbani akiwa amenunua daftari njiani, akaandika kwenye ukurasa wa kwanza: “Kwa nini vitu ni vikaidi?”

Hilo neno, ukaidi, hakulitoa yeye. Lilitoka kwa mumewe.

Mumewe alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule kwenye chumba cha mbele, karibu na dirisha, kwa cherehani nyeusi ya kukanyaga ambayo sauti yake ilikuwa sehemu ya nyumba kama vile paa lilivyo sehemu ya nyumba. Mama Maabara aliporudi kazini, akishakunywa chai, aliketi kwenye kiti kifupi kando ya cherehani na kumsomea alichoandika. Fundi hakuinua macho. Alishona, akasikiliza, mguu wake ukienda juu na chini bila haraka.

Jioni ile ya daftari jipya, kabla hajaandika neno, alimweleza habari ya kigari, na Fundi, sindano mdomoni, akasema, “Kumbe ni ukaidi tu. Kama dada yangu. Akiwa amekaa hainuki, akiinuka hakai.”

Akaliandika.

Ni siku chache baadaye alipogundua habari ya mguu. Alikuwa akisoma ukurasa mgumu, akasikia kimya. Mguu wa Fundi ulikuwa umesimama juu ya kanyagio. Alipofika kwenye sentensi nyepesi, mguu ukaondoka tena. Mama Maabara alitazama chini kwa hila, akatia nukta ya penseli pembeni. Kesho yake aliiandika ile sehemu upya kwa maneno mepesi, upande wa kushoto wa daftari, ikitazamana na ile ya kwanza. Tangu hapo ndivyo alivyofanya kazi. Ukurasa wa kulia ulikuwa wa mawazo yalivyokuja. Ukurasa wa kushoto ulikuwa wa mguu wa Fundi.

Hakumwambia kamwe. Miaka yote ya kushika mizani ilikuwa imemfundisha kwamba ukipumua juu ya sahani yake, kipimo kinayumba. Mtu naye, akijua anapimwa, hapimiki.

Mara moja tu Fundi alisimamisha mguu na mdomo ukafunguka. Ilikuwa siku ya sanduku. Mama Maabara alikuwa amefika kwenye moyo wa kitabu chake. Alikuwa amechukua kisanduku cha chaki, akakibandika vipande vya kioo ndani, pande zote sita, akakiweka mezani akakitazama wiki nzima. Akawaza: nuru haina uzito wake yenyewe, lakini ikigonga kitu hukisukuma, kidogo sana. Sasa ikifungiwa ndani ya sanduku la vioo, ikawa inadunda huku na huku bila kupotea, itatokea nini mtu akilisukuma sanduku? Aliisoma sehemu hiyo mara mbili. Mguu ulisimama mara mbili.

“Sijakuelewa,” Fundi alisema. “Nuru inagonga huku na huku sawasawa. Sanduku lina habari gani?”

“Ukilisukuma, ukuta wa nyuma unaikimbilia nuru. Ukuta wa mbele unaikimbia.”

Fundi akafikiri. Mara akacheka. “Ah! Kama kukimbia kwenye mvua! Kifua kinalowa chapachapa, mgongo unapona kidogo. Kwa hiyo ukuta mmoja unapigwa zaidi kuliko mwenzake.”

“Ndiyo! Na kile kipigo cha ziada...”

“...kinakurudisha nyuma. Sanduku linakuwa kaidi.”

Walitazamana. Sanduku lililojaa kitu kisicho na uzito lilikuwa limekuwa zito mbele ya macho yao, katika chumba chenye harufu ya pasi na kitambaa kipya. Mama Maabara aliandika habari ya mvua upande wa kushoto, mkono ukimtetemeka. Kwa miaka mingi baadaye, alipoosha bika peke yake stooni, aliikumbuka ile saa, akatabasamu kwenye povu.

Siku hizi mkono uliotetemeka ulikuwa wa Fundi. Miaka miwili nyuma vidole vyake vilianza kukataa kutia uzi kwenye tundu la sindano. Alijikaza, akavaa miwani ya pili juu ya ya kwanza, akapindisha kola za wasichana kumi na wawili, na mwishowe akamwita dada yake mwenye kibanda cha ushonaji, akamkabidhi cherehani. Sakafuni, karibu na dirisha, zilibaki alama nne za miguu ya chuma. Tangu siku hiyo Mama Maabara hakumsomea tena, naye Fundi hakuuliza. Hakuna aliyeamua iwe hivyo.

Yule mgeni wa Ijumaa alikuwa Kiberiti. Jina hilo alilipata kidato cha pili, siku alipounguza ukingo wa daftari lake kwenye jiko la maabara, na Mama Maabara akalizima kwa sponji. Sasa alikuwa mhadhiri wa fizikia chuo kikuu. Alikuwa amekuja kumsalimu miezi miwili iliyopita, akaliona daftari moja juu ya kabati, akalisoma akiwa amesimama mpaka chai ikapoa. “Mama, hii lazima ichapwe,” alisema. “Wanafunzi wangu wanayasoma mambo haya kwa lugha ya watu, hawajawahi kuyasikia kwa lugha yao.” Akaweka siku, akaacha na kitabu kinene cha kigeni, “cha kujipitishia muda.”

Mama Maabara alikipitia na kamusi kando, kurasa mbili kwa siku. Mwishoni mwa sura ya kumi na moja kulikuwa na mazoezi ya wanafunzi. La sita lilihusu springi. La saba lilisema, kwa mistari mitatu: sanduku jepesi lenye vioo kila upande limejazwa nuru, onyesha kwamba ni zito kulisukuma, na ukokotoe ni kwa kiasi gani.

Alilisoma mara ya pili akifuatisha maneno kwa kidole. Akafunga kitabu, akaenda jikoni, akaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Miaka ishirini na miwili. Zoezi la saba. Si sura, si ukurasa, si hata la mwisho ambalo huwa gumu kuliko yote. Kitu ambacho kijana wa mwaka wa pili hufanya kabla ya chakula cha mchana.

Tangu siku hiyo marekebisho yake yalibadilika. Aliponakili, aliziruka kurasa za kushoto, akachukua za kulia tu. Penye maneno matatu akatia saba. Penye mvua akatia milinganyo, nusu ukurasa, aliyoihakiki mara nne. Kama kitabu chake hakikuwa kipya, basi angalau kionekane kimesoma.

Jumatano alifika wifi yake, yule dada wa Fundi, na furushi la vitambaa. Siku hizi Fundi alimkatia ruwaza za karatasi, vielelezo vya kukatia nguo, kwa kuwa mkasi mkubwa ulikuwa bado unamtii.

“Wifi, bado unaatamia hicho kitabu?” alisema kabla hajaketi. “Tembo angekuwa amezaa mara kumi!”

“Karibu mara kumi na mbili,” Mama Maabara alijibu bila kuinua kichwa. “Ukihesabu kwa miezi.”

“Haya, umenishinda. Nipe nionje.” Wifi akachukua karatasi safi ya juu kabisa, akaisogeza mbali na macho, akasoma kwa sauti ya mtangazaji: “‘Kwa kuzingatia mabadiliko ya msukumo kwa kila kizio cha muda, yatokanayo na mwendo wa kuta za chombo husika...’ Wifi! Hii umeandika wewe au serikali?”

Fundi, mkasi mkononi, alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

“Ni kitabu cha wasomi,” Mama Maabara alisema.

“Sawa, ni cha wasomi. Lakini zamani kaka alinisimulia habari ya sanduku lako, nikaielewa hata mimi niliyekimbia shule. Wateja wangu wote wanaijua. Ile ya mvua. Hii ya chombo husika siijui.” Akairudisha karatasi taratibu, kwani aliona uso wa wifi yake umebadilika. “Nakutania tu, wifi yangu. Usininunie.”

“Sijanuna.”

Hakuwa amenuna kweli. Ilikuwa mbaya zaidi. Alikuwa ameona, waziwazi kama mtu aonavyo doa kwenye nguo akishafika sokoni, kwamba kitabu chake hakina pa kwenda. Wasomi wangesema ni zoezi la saba. Watu wa kwao wangesema kimeandikwa na serikali.

Alhamisi mchana alilitoa sanduku la bati chini ya kitanda na kuanza kuyapanga madaftari ndani yake. Fundi alimkuta amepiga magoti.

“Unayapeleka wapi?”

“Kulala.”

“Si kesho anakuja Kiberiti?”

“Nitamwambia sijamaliza.”

“Miaka ishirini na miwili hujamaliza?”

“Nitamwambia naumwa, basi. Nitamwambia yameliwa na panya. Niache, Fundi.”

Fundi hakumwacha. Aliketi kitandani, mikono kati ya magoti ili isitetemeke, akangoja. Alikuwa bingwa wa kungoja. Mwishowe Mama Maabara akamweleza yote, akiwa amempa kisogo: kitabu kinene, sura ya kumi na moja, mistari mitatu. Alimaliza akangoja kuhurumiwa.

“Kwa hiyo ni kweli?” Fundi aliuliza.

“Kweli nini?”

“Hilo la sanduku. Hao wakubwa wenyewe wamesema hivyohivyo?”

“Hivyohivyo.”

Fundi alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake ameamka. “Alhamdu! Miaka yote hii nilikuwa na hofu umekosea.”

Mama Maabara akageuka. “Ulikuwa na hofu nimekosea?”

“Mimi nitajuaje? Mke wangu anasema nuru inatia uzito kwenye sanduku. Nilikuamini, lakini kuamini si kujua. Nilikuwa nikisema moyoni, siku akiambiwa si kweli, nitamwambia nini mama huyu?” Akatikisa kichwa. “Kumbe ulifika mwenyewe, kwa miguu, mahali ambapo wenzako walipelekwa kwa gari. Nisomee.”

“Nini?”

“Nisomee. Siku nyingi.”

“Lakini huna cherehani.”

“Ndiyo iliyokuwa ikisikiliza?”

Mama Maabara akakaa sakafuni palepale, mkono juu ya mfuniko wa bati. “Nilidhani ulikuwa ukinisikiliza kwa kuwa umefungwa pale. Huna pa kukimbilia.”

“Na mimi nilidhani kitabu kimenizidi ndiyo maana ukaacha.”

Walihamia chumba cha mbele. Fundi aliweka kiti chake katikati ya zile alama nne bila kufikiri. Mama Maabara alianza na nakala safi. Alisoma ukurasa mzima wa chombo husika na kizio cha muda. Fundi alisikiliza kwa adabu, mikono mapajani, miguu imetulia, kama mtu aliye kwenye foleni ya hospitali.

Akaiweka chini. Akafungua daftari la nne, ukurasa wa kushoto. “‘Umewahi kukimbia kwenye mvua?’” alisoma. “‘Kifua kinalowa kuliko mgongo...’”

Alisikia kabla hajaona. Tap. Tap. Kisigino cha Fundi kilikuwa kinaigonga sakafu, juu na chini bila haraka, mwendo uleule, kikikanyaga kanyagio lisilokuwepo. Mama Maabara hakuthubutu kuinua macho. Aliendelea kusoma, na jua la alasiri likawa limelala kwenye ukurasa kama zamani, na kwa kitambo akaisikia hata bobini ya cherehani ikizungusha uzi.

Kisigino kikasimama. Mkono wa Mama Maabara, kwa mazoea, ukachukua penseli ukatia nukta.

“Umeandika nini hapo?” Fundi aliuliza.

Sasa angeficha nini? Akamwambia. Alimwambia habari ya mguu, nukta, kulia na kushoto, miaka yote. Fundi alimsikiliza kinywa wazi. Kisha mabega yakaanza kumtikisika.

“Mama Maabara! Yaani kila nikisimamisha mguu, wewe unarudi kuandika upya?”

“Kila mara.”

“Lakini mara nyingine uzi ulikuwa umekatika!”

Mama Maabara akaiweka penseli chini.

“Uzi?”

“Uzi hukatika! Bobini huisha! Sindano huvunjika! Fundi anasimamisha mguu afanyeje, akanyage hewa?” Sasa alikuwa anacheka hadi machozi. “Lete nione. Hapa, sura ya nne, nukta ngapi hizi?”

“Sura ya nne niliiandika mara nne,” Mama Maabara alisema kwa sauti ndogo. “Nilidhani huielewi kabisa.”

“Mwaka gani?”

Akamtajia.

“Basi! Mwaka ule uzi ulikuwa mbovu, mji mzima ulilia! Sura ya nne niliielewa mara ya kwanza!”

Mama Maabara alitaka kukasirika. Aliwaza jioni zote alizojipinda juu ya sura ya nne akijiona mjinga, kisha akauona huo uzi mbovu ukikatika, na Fundi akiulaani kimyakimya huku mkewe akitia nukta kama hakimu, na kicheko kikamtoka kwa nguvu hata miwani ikaanguka. Walicheka mpaka jirani akauliza kwenye ua kuna nini.

Baada ya kujifuta macho, aliifungua tena sura ya nne. Aliisoma ya kulia, akaisoma ya kushoto, ile ya mara ya nne, iliyoandikwa kwa sababu ya uzi. Ya kushoto ilikuwa nzuri zaidi. Hakuna ubishi. Ilikuwa imenyooka na nyepesi, na haikumwogopa mtu.

“Na sasa hivi?” aliuliza. “Kisigino kimesimama kwa nini? Hapa hakuna uzi.”

Fundi akawa makini. “Hapo sijaelewa kweli. Unasema vioo havichoki. Vioo gani hivyo? Kioo chochote kinainywa nuru kidogokidogo. Ikishanywewa yote, sanduku likawa giza, ule uzito unakwenda wapi?”

Mama Maabara akaifuata ile sentensi kwa kidole. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameandika “tuchukulie vioo ni kamili” na kupita haraka, kama mtu apitavyo mbele ya nyumba ya anayemdai salamu. Alikuwa hajawahi kuulizwa. Alichukua karatasi, na kwa mara ya kwanza tangu zoezi la saba, hakuwaza nani atamcheka. Aliwaza vioo tu.

“Hauendi popote,” alisema karatasi ilipojaa. “Kioo kinapoinywa nuru kinapata joto. Ule uzito unabaki mlemle, kwenye joto la kioo. Sanduku halipungui.”

“Kwa hiyo kitu cha moto ni kizito kuliko cha baridi?”

“Kidogo mno. Hakuna mizani ya kukionyesha.”

“Hata pasi yangu?”

“Hata pasi yako.”

“Ndiyo maana mkono ulikuwa ukiniuma,” Fundi alisema, na kisigino kikaondoka.

Kiberiti alifika Ijumaa saa nne asubuhi, akapaki gari chini ya dirisha. “Shikamoo Mama Maabara. Shikamoo Fundi.”

“Marahaba. Hujaunguza kitu njiani?”

“Bado, mama. Siku ndiyo kwanza inaanza.”

Mama Maabara hakungoja chai. Alikiweka kile kitabu kinene mezani, kimefunguliwa kwenye mazoezi, akaweka kidole kwenye la saba. “Kabla hujachukua chochote, soma hapo. Kitabu changu chote ni hicho. Si kipya. Kama bado mnakitaka, kitaandikwa hivyo ukurasa wa kwanza.”

Kiberiti hakusoma. “Mama, mimi ndiye niliyekuletea kitabu hiki. Ulidhani la saba silijui?” Akavuta kiti. “Nililifanya mwaka wa pili. Wenzangu walipata jibu kwa milinganyo, hata mimi. Mhadhiri akauliza, sasa niambieni kwa nini. Darasa zima kimya. Mimi nikasema, kwa sababu ukikimbia kwenye mvua kifua kinalowa. Akaniuliza nimeitoa kitabu gani. Ningemwambia nini? Niliambiwa nikiwa naosha bika kama adhabu ya kuunguza daftari.”

Mama Maabara hakukumbuka. Alijaribu kuiona siku hiyo, msichana mwenye mikono yenye povu, na hakuiona. Alikuwa amewaambia wasichana mambo mengi kwenye kile kidirisha.

“Usivimbe kichwa lakini,” Kiberiti aliongeza. “Sura yako ya tisa ina kosa, na tutagombana.”

“Nionyeshe.”

“Nitakuonyesha. Nipe kwanza nakala safi.”

Mama Maabara alitazama lile rundo la karatasi, wiki zake za kukaza mkono. “Hiyo haiendi. Chukua madaftari. Wachape kurasa za kushoto. Palipo na kulia tu, basi kulia.” Akachomoa karatasi moja aliyoiandika jana, akaipachika kwenye daftari la nne. “Na hii ya vioo na joto. Swali ni la Fundi. Jina lake liwekwe.”

“Liwekwe Fundi tu,” alisema Fundi kutoka dirishani. “Watakaouliza ni fundi yupi tutawaeleza wenyewe.” Tayari alikuwa ameisogeza nakala safi karibu yake na kuipima karatasi ya juu kwa kiganja. “Karatasi nzuri hii. Kola mbili zinatoka.” Mkasi ukaingia katikati ya chombo husika.

Waliyabeba madaftari hadi kwenye gari. Kabla ya kuufunga mlango, Kiberiti alifungua la juu, akageuza kurasa chache, akakunja uso.

“Mama, kuna nukta hapa pembeni. Na hapa. Huku mwanzoni naona zimefutwa, madoa tu. Zina maana gani?”

Mama Maabara alitazama nyuma. Kupitia dirisha wazi alisikia mkasi ukikata karatasi, na chini yake, kisigino.

“Hapo Fundi hakuelewa,” alisema.

“Zote?”

“Nyingine ni uzi.”

Kiberiti alingoja aelezwe, hakuelezwa. “Sasa nitajuaje ipi ni ipi?”

“Hutajua,” Mama Maabara alisema, akaufunga mlango wa gari kwa mikono miwili. “Hata mimi sijui. Waambie wachapaji waziache. Na zile nilizofuta, wazirudishe.”